Njia za Jangwa la Yuda

Nilipokuwa chuo cha theolojia niliandika kuhusu Jangwa la Yuda katika mitihani bila kuliona. Akilini mwangu lilikuwa mchanga mtupu. Nilipofika huko nikiwa na miaka 43, nikiongoza washarika 22 katika safari ya hija, nilikuta milima ya mawe, makorongo marefu, na hapa na pale chemchemi inayotoka mwambani. Tulitembea njia tatu kwa miguu. Nawasimulia zote tatu, wapendwa, kwa sababu ni nzuri, na kwa sababu moja kati yake ilinihukumu.

Ya kwanza ni Engedi, nayo ndiyo nyepesi. Unaanzia karibu na Bahari ya Chumvi, ambayo ufuo wake uko kama mita 430 chini ya usawa wa bahari, mahali pa chini kuliko nchi kavu yote duniani. Njia inapanda kando ya kijito mpaka kwenye maporomoko yanayoitwa kwa jina la Daudi. Chini ya miti wapo wibari, na juu ya magenge wanasimama mbuzi-mwitu wenye pembe zilizopinda. Mwandishi wa Zaburi ya 104 aliwataja wanyama hao wawili pamoja, na hapo unaona kwamba aliandika kitu alichokijua kwa macho. Pia nilielewa kwa nini Daudi alikimbilia huko Sauli alipomwinda. Mapango yapo mengi, lakini zaidi ya mapango, pana maji. Mtu mwenye wafuasi mamia hawezi kujificha mahali pasipo na maji.

Ya pili ni Masada, ngome ya Herode. Inaitwa Njia ya Nyoka kwa jinsi inavyojikunja kupanda genge. Ni kupanda kama mita 350, na tulianza kabla ya mapambazuko kwa ajili ya joto. Jua lilichomoza juu ya milima ya Moabu, ng'ambo ya Bahari ya Chumvi, na maji yote yakageuka rangi ya shaba. Juu kuna mabaki ya majumba ya kifalme na mashimo makubwa yaliyochongwa mwambani kuhifadhi maji ya mafuriko ya mvua chache za mwaka. Mimi nilifika wa pili, nyuma ya kijana mmoja wa kwaya. Nakiri kwamba nilijisifu moyoni, na siku ile yote nilitembea mbele.

Ya tatu ni korongo la Wadi Qelt, linaloshuka kuelekea Yeriko. Bwana Yesu aliposimulia habari za mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, alisema kweli kabisa: ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000 katika safari ya siku moja. Njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Mbele kuna monasteri ya Mtakatifu George, iliyobandikwa kwenye genge kama kiota cha mbayuwayu. Mwongozaji wetu alituonya kwamba mvua ikinyesha kwenye vilima vya Yerusalemu, mafuriko yanaweza kukufikia korongoni huku mbingu juu yako ikiwa nyeupe.

Asubuhi ile mzee mmoja wa kanisa, mwenye miaka 71, aliniambia, "Baba Mchungaji, goti langu leo halijaamka vizuri." Nikamjibu, "Tutakwenda polepole, mzee wangu."

Sikwenda polepole. Nilitaka tufike monasteri kabla ya jua kali. Mahali penye uvuli nilisimamisha kundi, nikafungua Luka sura ya 10, nikasoma habari za kuhani aliyepita kando. Nilipofunga Biblia, mama mmoja akauliza, "Mchungaji, mzee yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Nilirudi na yule kijana wa kwaya. Tulitembea karibu nusu saa kabla ya kumwona, ameketi chini ya mwamba, chupa yake ya maji tupu. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Nilijua utarudi. Ila sikujua ni lini." Kisha, tukiwa tunamshika mikono kuinuka, akaongeza kwa upole, "Hata kwenye jengo ulitutangulia hivihivi."

Maneno hayo yaliniingia. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepanga ahadi ya jengo kwa kila kaya, na majina ya ambao hawajamaliza yakawa yanasomwa Jumapili. Kaya 7 ziliacha kuja ibadani. Mzee huyu alinijia ofisini kunieleza. Nilimsikiliza nikadhani ni upungufu wa imani.

Usiku ule nilisoma Mwanzo 33. Esau anataka waongozane, naye ana watu 400 wenye nguvu. Yakobo anakataa, maana ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, na wakiharakishwa siku moja tu kundi litakufa. Yakobo mwenyewe alikuwa anachechemea tangu Penieli. Sisi tuliochunga mbuzi utotoni tunalijua jambo hili. Mimi nililisahau nilipovaa kola.

Siku ile, baada ya kumpata, tulimweka mzee mbele, sote tukafuata hatua zake. Ndipo aliponyoosha fimbo kutuonyesha mfereji wa maji uliochongwa ubavuni mwa korongo. "Hawa nao wana mfongo," alisema, kama tulivyo nayo kwetu mlimani. Ningepita bila kuuona.

Tuliporudi nyumbani niliacha kusoma majina, nikaanza kupita kwenye zile kaya. Nne zimerudi. Mama mmoja alinisikiliza akiwa mlangoni, akasema amesikia, akanitakia safari njema. Sijaacha kumwombea, wala sijaacha kupita. Jengo bado halijaezekwa upande mmoja.

Mungu akikujalia kwenda, nenda kati ya Novemba na Machi. Vaa viatu vinavyoshika mwamba, beba maji mengi kuliko unayodhani yanatosha, na kabla ya kuingia korongoni uliza kama mvua imenyesha Yerusalemu. Kisha uliza nani ana goti bovu, umpe nafasi ya mbele.