Barua kutoka Marekani: Gari Lipimwe Kwanza

Injini ya petroli iliyo nzima, ikishapata moto, huzunguka kwenye sailensi, yaani bila kukanyagiwa mafuta, mara 600 hadi 850 hivi kwa dakika bila kutikisa kiti wala usukani. Gari la miaka 15 au 20 likianza kutetemeka na kumisi kwenye foleni, chanzo kwa kawaida ni moto wa plagi, mafuta, hewa, au mgandamizo ndani ya silinda. Nyumbani tiba ya vyote hununuliwa kwa kubahatisha. Ndugu aliye Houston au Minneapolis huombwa leo koili, kesho sensa ya oksijeni. Gari likiendelea kutetemeka, huambiwa ametuma kipuri feki.

Marekani kipimo hutangulia, na hulipiwa peke yake, kwa sababu saa moja ya fundi huweza kuzidi dola 100. Tangu modeli za mwaka 1996, magari madogo mapya ya petroli yanayouzwa huko lazima yawe na mfumo wa OBD-II, wenye soketi ya kusomea kodi za hitilafu chini ya dashibodi. Kodi P0301 husema silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili. P0171 husema hewa imezidi mafuta. Lakini kodi haisemi kipuri gani kinunuliwe. Huonyesha tu pa kuanzia.

Ikitoka P0301, koili ya silinda ya kwanza huhamishiwa ya pili, kodi ikafutwa, gari likaendeshwa. Tatizo likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, hukaguliwa plagi, kisha nozeli. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, anakiweza vizuri; wengi wao wana masikio ambayo gereji za Marekani zingeyatamani.

Injini inayotetemeka kwenye sailensi tu, ikatulia ikiongezwa mafuta, mara nyingi inavuta hewa pasipostahili: mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Marekani huingizwa moshi kwa mashine hadi utokee penye tundu; pasipo mashine, husikilizwa mluzi na kukaguliwa kila mpira. Throtoli yenye masizi husafishwa kabla ya kulaumu sensa.

Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayasomeki kwa kifaa cha kawaida cha OBD-II. Kwa Toyota nyingi za wakati huo, matundu ya TE1 na E1 huunganishwa kwa waya kwenye soketi ya kupimia, swichi ikawashwa, na taa ya injini ikahesabiwa inavyopepesa.

Hayo yote yasipoonyesha chanzo, hupimwa mgandamizo. Silinda iliyo chini sana kuliko nyingine hutiwa kijiko cha oili na kupimwa tena: namba ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, vali au gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa. Hapo koili kutoka Marekani haitasaidia chochote.

Kuendelea kuendesha gari linalomisi si ujasiri. Petroli isiyoungua huingia kwenye bomba la moshi na kuyaunguza masega ya kusafishia moshi (catalytic converter), na taa ya injini inayopepesa safarini huonya hivyo hasa. Basi kabla ya kuagiza kipuri ughaibuni, nyumbani watume kwanza kodi, namba ya chesisi na vipimo vya mgandamizo.