Ile ya Pembe Saba

Kopo lilikuwa la Kimbo, mdomo umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Bibi ya kijana mmoja alilizika chini ya mwembe huko Oli, Arua, mwaka 1980, familia ilipokimbia vita na kuvuka kuingia Zaire pamoja na maelfu ya watu wengine wa West Nile. Waliporudi baada ya miaka kadhaa nyumba haikuwa na paa, ila kopo lilikuwapo. Ndani mlikuwa na shilingi za simba, senti za tundu zilizotungwa kwenye uzi, na sarafu moja kubwa yenye pembe saba. Mjukuu ndiye aliyeambiwa azihesabu, na kuzihesabu kukawa ndiyo kazi yake ya maisha.

Mshahara wake wa kwanza, hata hivyo, ulitokana na karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akikaa kando ya barabara mjini Arua, mfuko mapajani, akibadilisha shilingi, dola, zaire na pauni za Sudan. Ilikuwa biashara ya kukosesha usingizi. Noti ya zaire milioni 5 ilitolewa 1992. Mwanzoni mwa 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, na kabla mwaka haujaisha zaire milioni 3 za zamani zikawa sawa na zaire mpya moja. Kijana alijifunza kutolala na noti za Mobutu ndani ya nyumba.

Sarafu hazikuwa na mteja. Mbadilishaji fedha hachukui vyuma vya nchi jirani: ni vizito, na benki haivipokei. Kwa hiyo wachuuzi waliotoka Ariwara na Kaya walimwachia chenji zao kama mtu anavyoacha kokwa za embe mezani. Siku moja akaikuta sarafu ya Kongo ya zamani, nyota yenye tundu katikati, iliyopigwa enzi za Mfalme Leopold. Si ajabu kuonekana pande zile. West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, mikononi mwa Leopold hadi alipofariki 1909, ikapitia Sudan, ndipo 1914 ikaingizwa Uganda. Ukihesabu serikali zilizopita pande hizo, zilikaribia idadi ya wajukuu wa bibi.

Mtu wa kwanza kumweleza alichokuwa nacho alikuwa sonara. Kijana alimpelekea shilingi za simba akitaka aziyeyushe. Mzee yule alichukua moja ya 1924, akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu na kusubiri tarakimu zitulie. Shilingi hiyo ikitoka mtamboni ina gramu 7.78. Hii ilisoma 7.5; kilichopungua kilikuwa kimeliwa na vidole vya watu, sokoni na misikitini, kwa miaka mingi.

"Kijana, humu fedha ni robo tu," alisema. "Nikiyeyusha, makaa yatakula faida yote. Katafute wanaompenda simba, si wanaopenda madini."

Akamwonyesha pa kutazama: mwaka. Mpaka 1946 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na ile robo ya fedha. Iliyoanza 1948 haina hata chembe. Hakutoza kitu. Angeweza kununua mzigo wote kwa bei ya chai, na muuzaji angemshukuru.

Akapanda basi la usiku, Pakwach, Karuma, hadi Kampala, kwa mnunuzi mmoja aliyekuwa na chumba ghorofani katikati ya mji. Bwana huyu alikuwa msomi wa sarafu kweli. Alizipanga shilingi za simba juu ya kitambaa, akasifu hii, akaigeuza ile chini ya lenzi, huku ile ya pembe saba akiisukuma pembeni kwa ukucha.

"Hii ya Amin, ssebo? Chuma tu. Niwekee iwe nyongeza."

Akawekewa. Baadaye sana kijana alifungua katalogi na kukuta picha yake: shilingi 5 ya Uganda, 1972. Zilipigwa, kisha zikaondolewa katika mzunguko, na zilizobaki ni chache mno. Yule bwana alisifu vya bei ndogo ili apate cha bei kubwa bure. Hata hivyo kilichomchoma zaidi kijana ni kwamba yeye, mtoto wa Oli, mwenye ndugu Koboko alikotoka Amin mwenyewe, alikubali upesi kiasi kile kwamba kitu cha Amin hakina thamani.

Miaka ikapita, akawa mnunuzi yeye, na lawama zikahamia kwake. Huko Koboko watu humletea senti 10 ya tundu ya 1936 wakidai mamilioni, kwa kuwa wamesikia ni ya mfalme aliyejiuzulu. Kweli, ina jina la Edward wa Nane, aliyetawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo tu. Lakini zilipigwa kwa wingi na bado zimejaa makoponi. Akiwaeleza hivyo, huitwa mwizi. Mwingine alimletea "dhahabu ya Tabora", ile ya ndovu iliyopigwa na Wajerumani 1916 na kupewa thamani ya rupia 15. Ya kweli ina gramu 7 na kitu. Hii ilirukia sumaku kabla haijafika kwenye mizani.

Hajati mmoja wa Oli alikuja na kidani cha riale ya Maria Theresa, ya 1780.

"Ina zaidi ya miaka mia mbili, mwanangu. Usinipunje."

Ilibidi amweleze taratibu kwamba riale hizo ziliendelea kuandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20 London au Bombay. Akaipima mbele yake: gramu 28, ambazo fedha yake safi ni 23 na ushee. Akamtajia bei ya fedha hiyo, akaongeza kwamba kile kipete kilichochomelewa juu kinaiharibu machoni mwa wakusanyaji. Hajati akacheka, akakivaa tena.

"Basi kitabaki shingoni mwangu."

Hiyo ndiyo biashara anayopenda kuikumbuka kuliko zote, ingawa hakununua kitu.

Ile ya pembe saba hajaiona tena. Aliye nayo Koboko, Yumbe au popote, asiisugue kwa majivu wala ndimu, na asiitoe kama nyongeza.