Mlima Kwanza, Bahari Baadaye

Marangu, Moshi
16 Novemba

Mpwa wangu mpendwa,

Huku vuli imeanza vizuri na mfongo wa juu, mfereji wetu wa maji, umezibuliwa, ingawa waliofika na majembe walikuwa wazee watupu. Bibi yako anauliza kila mpita njia kama Mafia kuna kanisa. Nimemwambia lipo, tena Kilindoni, na ukipata Jumapili ya mapumziko usiniangushe.

Habari kwamba umeanza mafunzo ya daivumasta, yaani kuongoza wazamiaji, pale Utende huko Mafia imeugawa ukoo. Wapo wanaosema mtoto wa Marangu bahari ataijulia wapi. Mimi niko upande wako. Nimeongoza wageni mlimani tangu ujana hadi magoti yalipokataa, na ninavyoona, kazi yako na yangu ni moja: unampeleka mtu mahali ambapo mwili wake haukuumbiwa kukaa, kisha unamrudisha mzima kwao. Hata maradhi ya kazi hizi ni ndugu. Ndiyo sababu nakuandikia barua badala ya kukupigia simu, maana simu ungenikatiza.

Ikumbuke ile pakiti ya krispi uliyobeba nilipokupeleka Horombo ukiwa sekondari. Ulipoinunua Marangu Mtoni ilikuwa imelegea. Kule Horombo, mita 3,720, ilivimba na kukaza hadi ukaogopa kuifungua. Hewa ya ndani ilikuwa ileile uliyotoka nayo nyumbani. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa ya nje. Ukifika Uhuru, mita 5,895, mgandamizo huo ni takriban nusu ya ule wa ufukweni.

Sasa shuka majini uone mambo yanavyokwenda mbio. Mita 10 tu chini ya uso wa bahari, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Kwa hiyo anayetoka mita 10 hadi kwenye boti, mgandamizo unampungukia kwa nusu, sawa na anayetoka pwani hadi kileleni Uhuru. Sisi safari hiyo tunaigawa kwa siku tano au sita, na bado watu wanatapika. Mgeni wako akishikwa na hofu anaweza kuimaliza kwa sekunde chache. Mlima wetu wote, mpwa wangu, umo ndani ya hizo mita 10 za mwisho. Ndiyo maana wanakukataza kuzuia pumzi unapopanda: hewa iliyojaa kifuani kule chini itataka nafasi mara mbili ikifika juu, na pafu halina nafasi hiyo. Ndiyo maana pia mnapanda kwa mita 9 kwa dakika, msizidishe, na mnasimama dakika 3 kwenye mita 5 hata kama mgeni ana baridi na anataka chai.

Aliyewafungua watu macho katika hesabu hizi ni Mskoti mmoja, John Scott Haldane, na alianza na mbuzi. Jeshi la majini la Uingereza lilitaka kujua wazamiaji wake wapande vipi bila kuumia. Akawafungia mbuzi ndani ya chumba cha chuma, akaongeza mgandamizo, kisha akaupunguza kwa kasi mbalimbali na kuangalia nani anachechemea. Mbuzi aliyeharakishwa alisimama ameinua mguu wa mbele kwa maumivu ya kiungo. Mwaka 1908 yeye na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo. Miaka mitatu baadaye, 1911, bwana huyohuyo alikuwa juu ya Pikes Peak kule Marekani, mita 4,300, akichunguza jinsi mwili unavyoizoea hewa haba. Huku kwetu mbuzi wale wangeishia kuwa ndafu, na elimu yote ingeliwa harusini.

Kilichowachechemesha ni naitrojeni. Kadiri unavyokaa chini ndivyo inavyoingia kwenye damu na kwenye mafuta ya mwili. Ukipanda taratibu unaitoa kwa pumzi, ukiharakisha inageuka mapovu. Mfano wa chupa ya soda najua mmeshapewa, siurudii. Ninachotaka ukishike ni kwamba haiishi kutoka pale unapokanyaga boti. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi wakati unakula, umelala, uko kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Ukiondoka usawa wa bahari kwenda juu ukiwa bado nayo, mwili unaona hujamaliza kupanda.

Hili nililijua kupitia saa ya mgeni. Mwaka mmoja, pale geti la Marangu, nilikabidhiwa bwana aliyetua uwanja wa ndege wa KIA asubuhi hiyohiyo kutoka Zanzibar. Alipoinama kusaini daftari, mkono wa shati ulipanda nikaona saa nene, nyeusi, kubwa kuliko ya kawaida. Kwenye kioo chake palikuwa na kijipicha cha ndege kilichokatwa mstari, na pembeni yake namba zinazopungua: zilikuwa zimebaki saa 9 na dakika kadhaa. Nikamuuliza maana yake. Akacheka, akasema hiyo ni kompyuta ya kuzamia, inaogopa mno; jana alasiri alipiga mbizi mara mbili Nungwi, na leo ndege imemleta salama.

Kutoka getini, mita 1,860 hivi, tungefika Mandara kabla ya jioni, nako ni mita 2,720. Nikawaambia wapagazi watue mizigo. Ofisi iliyoniajiri ilinipigia simu kwa sauti ambayo mpishi aliisikia bila kusogea. Ada za hifadhi zilikuwa zimeshalipwa, na nani angeifidia siku hiyo? Sikuwa na jibu la fedha. Nilimrudisha mgeni Moshi mjini, mita 800 na ushee, akalala huko, kesho yake tukaanza. Alifika Gilman's kule juu, akarudi salama, akanipa tipu nusu ya kawaida. Huenda asingeumwa hata kama ningemkubalia. Wengi hawaumwi, na hapo ndipo ugumu wa kukataa ulipo: ukikataa vizuri hakuna kinachotokea, na kwa hicho kisichotokea hakuna atakayekushukuru.

Hesabu yenyewe unaijua, lakini niiandike ili siku ukibishana na bosi uwe na karatasi. Baada ya daivu moja ya kawaida, saa 12 kabla ya kuruka. Daivu kadhaa, au siku kadhaa mfululizo, saa 18. Mliokaa chini hadi mkalazimika kupanda kwa vituo, zaidi ya hizo 18, na wengi husema 24. Watu huiita kanuni ya ndege, lakini kinachohesabiwa ni mwinuko, kuanzia mita 600 hadi 2,400. Mwili hauulizi kama umepandishwa na ndege au na Land Cruiser. Mgeni atakayekuambia anatoka majini anakwenda Ngorongoro, mwambie ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300. Anayekuja kupanda Kilimanjaro anavuka hata kiwango hicho siku ya kwanza, kwa hiyo mimi nisingemruhusu kabla ya siku nzima kupita, na usiku wake.

Ratiba nzuri ni mlima kwanza, bahari baadaye. Ofisi nyingi za hapa Moshi huuza hivyo. Wachache huigeuza kwa sababu ya bei ya ndege, na wageni wa namna hiyo utakutana nao ukiwa upande wa pili wa safari, kwa hiyo waulize wanakokwenda kabla hujawapa mtungi. Na wanaotoka mlimani nao usiwavamie. Mtu anashuka hapa na kikohozi cha vumbi, pua zimeziba, maji yamemkauka mwilini. Masikio yake hayatasawazika hata abane pua na kupuliza hadi machozi yamtoke. Mpe snokeli siku mbili za kwanza, na chakula.

Kuhusu hao wa snokeli, nasikia nyie wenye mitungi mnawaona watoto. Acheni. Chumbe, kisiwa kilicho jirani na Mji Mkongwe, mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, walinzi wake walitoka miongoni mwa wavuvi wa eneo hilo, na watalii hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi. Nilipofika pale nililala juu ya maji, uso chini, nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga. Ni pono, wanakwangua mwamba kwa meno yao. Nikakaa hapo hadi mgongo ukaungua; waambie wageni wako wavae fulana. Na papa potwe wa Kilindoni, mnaowangoja kaskazi hii, hawahitaji mtungi hata kidogo. Watafiti waliwawekea vifaa vya kutoa sauti majini wakagundua kwamba wengi wao hawahami Mafia. Msimu ukiisha husogea kwenye maji ya kina zaidi, msiwaone. Wageni wanataka kuwagusa. Usiwaachie, hata kama ndiyo picha waliyoahidiwa.

Hatari ya mtu wa snokeli ni kwamba haogopi, kwa hiyo hasikilizi maelezo. Anasimama juu ya tumbawe ili arekebishe miwani, kwa sekunde moja anavunja kilichokua tangu kabla hujazaliwa. Na pale Kinasi, lango la ghuba ya Chole, maji yanapopwa hutoka kwa nguvu kwenda bahari kuu, na wakati wa bamvua ndiyo usiseme. Kompyuta ya mkononi haijui bamvua. Anayejua ni nahodha. Msikilize huyo kuliko mwenye cheti chochote, na msalimie kwanza kila asubuhi kabla hujamuuliza kitu.

Wageni wengi watakuambia wamekuja kuona kabla havijaisha. Hata huku walisema hivyo kuhusu barafu ya Kibo, na hawakukosea: zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwepo mwaka 1912 imekwenda. Matumbawe ya pwani yetu yalipauka kwa joto la bahari mwaka 1998, tena 2016, tena 2024. Sikuandikii haya ili ukate tamaa. Mafia ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1995, na mwamba uliopauka ukiachwa bila nanga wala mabomu huwa unajaribu kurudi. Barafu ikishakwenda ndiyo basi. Kwa hiyo kwenye biashara hii ya vitu vinavyoisha, wewe umepata upande wenye nafuu.

Jambo la ugonjwa. Mlimani mgeni akianza kuyumba kama mlevi na maneno kumpotea, dawa ni kumshusha, hata iwe saa nane usiku. Pasiposhukika, tunamlaza ndani ya mfuko wa presha: unamfungia zipu, unamwona uso kupitia dirisha la plastiki, na mmoja anapiga pampu kwa mguu bila kuacha, maana akiacha hewa ya ndani inachakaa. Kila dakika unamwonyesha dole gumba, naye akujibu. Chumba wanamotibiwa wazamiaji hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu zaidi, ila hakibebeki mgongoni. Basi kabla hujamwongoza mgeni hata mmoja, ujue cha karibu kiko wapi, namba yake ya simu, na mtu atafikishwaje bila kupandishwa juu angani. Oksijeni iwe kwenye boti, mtungi umejaa, na wewe mwenyewe uwe umeufungua kuuhakikisha. Maumivu ya kiungo, ganzi, uchovu usioelezeka, ngozi yenye madoa: mgeni atasema ni kiti cha boti au ni bia ya jana. Mpe oksijeni kwanza, mbishane baadaye.

Sasa la Desemba, ambalo ndilo hasa limenikalisha chini. Najua ndicho kilele cha msimu wenu na bosi hatakuachia mapema. Najua pia ukoo mzima unapanda nyumbani, na mama yako ameshaanza kuhesabu vitanda. Nyumba yetu, unavyojua, iko juu ya mita 1,400, kwa hiyo hata Krismasi ya hapa ni mwinuko unaohesabika. Ukija kwa kivuko cha Nyamisati, ukalala Dar, ukapanda basi la alfajiri kupitia Chalinze, Korogwe na Same, njia yenyewe itakulinda. Naitrojeni itakuwa imekwisha kabla ya Mwanga. Ninachoogopa ni ndege. Mafia hadi Dar, Dar hadi KIA, na jioni uko hapa unakula mtori. Ukichagua hiyo, daivu ya mwisho iwe siku moja kamili kabla, na usimkubalie mtu yeyote akuombe "ya haraka tu" asubuhi ya safari kwa sababu mwenzako anaumwa. Kama ni wageni wa snokeli, wapeleke, wewe ukae juu ya maji.

Tiketi za Dar kuja huku kuanzia katikati ya mwezi huisha upesi na bei unazijua. Nitumie tarehe wiki hii nikukatie. Shukia Njiapanda ya Himo, nitamtuma kijana wa bodaboda akungoje. Bibi yako anasema ulete nazi za Mafia, na samaki wakavu uwaache hukohuko.

Mjomba wako