BREKA NILIYOIBADILISHA

Leo sina mahubiri, nina ungamo. Nawaomba mlisome mpaka mwisho kabla ya kuandika "Amina."

Mnakumbuka joto la mwezi wa pili lilivyotukaanga hapa Ukunda. Mama mkwe alikuwa kwetu, presha imepanda, usiku halali. Kanisa mkachanga mkaninunulia AC, na juu yake mkaongeza shilingi 14,000 za kuvuta laini mpya ya stima. Nilitoa ushuhuda madhabahuni, akina mama wakapiga vigelegele.

Laini mpya sikuvuta.

Fundi alinieleza vizuri. AC inataka waya wake peke yake, wa milimita 2.5 au zaidi, utoke moja kwa moja kwenye boksi la stima na uwe na breka yake. Nikamwambia, "Kwani hapa hakuna soketi? Unganisha hapo hapo." Soketi yenyewe iko kwenye laini ya zamani, waya mwembamba wa 1.5 unaobeba friza na sebule nzima. Fundi akakuna kichwa, akasema, "Sawa, Pasta." Watu wengi hawajui kumwambia mchungaji hapana, na mimi nilikuwa nimeanza kuipenda hali hiyo. Zile pesa zikamaliza karo ya kijana wangu.

Siku mbili tukalala kama tuko Limuru. Siku ya tatu mama mchungaji akachomeka pasi: paa! Nusu ya nyumba giza. Nikainua breka, baada ya dakika chache ikaanguka tena. Jioni vilevile. Wapendwa, nilisimama mbele ya boksi la stima nikakemea roho ya uharibifu kwa sauti, mpaka majirani wakasikia. Mama mchungaji akaniuliza taratibu, "Baba, si fundi alisema waya ni mdogo?" Nikamwambia aniachie mambo ya stima.

Nikampigia fundi aje na breka kubwa. Akatoa ile ya ampea 16, akaweka ya 32. Giza likaisha, nami nikaita hayo ushindi.

Sikujua kwamba breka haipo kwa ajili ya kulinda AC. Inalinda waya. Waya ukibebeshwa mzigo kuliko uwezo wake unapata moto, na breka iliyopimwa sawasawa inakata kabla ya moto huo kufika pabaya. Ukiweka kubwa kuliko waya, itakaa kimya huku waya unaungua ndani ya dari.

Aliyeamka usiku wa Alhamisi ni mama mkwe. Alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Tukazima stima yote, tukatoa watoto nje na mashuka yao. Asubuhi nikatafuta fundi mwingine, mwenye leseni ya EPRA, akafungua dari. Pale waya wa AC ulipounganishwa palikuwa pamesokotwa na kufungwa tepu tu. Plastiki imeyeyuka, ubao umekuwa mweusi kiasi cha sahani, juu kabisa ya kitanda cha binti yangu wa mwisho. Tena waya wa ardhi haukuunganishwa popote.

Akaniambia, "Pasta, ile breka ya kwanza haikuwa mbovu."

Sasa nifike nilikoogopa kufika. Kanisani tulikuwa na mweka hazina. Mwezi wa tatu aliniomba risiti ya waya. Nikamwambia nitaleta. Akauliza tena, kwa heshima, tukiwa wawili tu. Mara ya tatu nikawatangazia ninyi kwamba dada amechoka na huduma, tumwache apumzike. Hakuwa amechoka. Mahali pake nikaweka kijana mwema ambaye hajawahi kuniuliza kitu.

Wiki hii nimesoma 1 Wafalme 22 mara nyingi. Ahabu alikuwa na manabii kama 400 waliomwambia apande Ramoth-Gileadi atashinda. Mikaya mwana wa Imla peke yake ndiye aliyesema vingine, akatiwa gerezani, ale mkate na maji kidogo. Nimehubiri sura hiyo hapa hapa Diani, na kila mara nilijiona mimi ndiye Mikaya.

Jumanne nilipanda matatu mpaka Msambweni, kwa dada yetu. Nilimwambia yote mbele ya mumewe. Alinyamaza muda mrefu, akanipa maji ya kunywa, kisha akasema, "Mchungaji, na risiti je?"

Sina risiti, kwa sababu waya haukununuliwa. Jumapili nitasimama na kulisema hili mbele ya kanisa lote, na shilingi 14,000 nitazirudisha kwa awamu mbili, mwezi huu na ujao. Wazee wameshajua. Dada nimemwomba arudi kwenye hazina. Amesema atajibu akishaomba.

AC imezimwa. Mama mkwe anapepewa na feni ndogo, na analalamika, na ana haki.