Ndoa Yangu na Sare 17 za Luton

Wadada wengi mnaosoma ukurasa huu mna malalamiko yanayofanana: mpinzani wenu mkubwa ndani ya nyumba si mwanamke mwingine, ni mpira. Jumamosi ikifika jamaa haonekani, simu hapokei, na akirudi usiku unajua matokeo kabla hajavua viatu. Kesi yangu mimi ni tofauti kidogo. Mpira ndio ulionishikia ndoa kwa miezi kumi, tena si wa Yanga wala Simba, si wa Arsenal wala Manchester. Ni wa timu ndogo ya Uingereza inayoitwa Luton Town.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa Dar es Salaam mwishoni mwa 2021. Yeye alikuwa ameshaishi Luton miaka mingi, mji ulio kama kilomita 50 kaskazini ya London, na alikuwa na kibali cha kudumu. Fungate yetu ilikuwa ya wiki tatu, halafu akapanda ndege. Mimi nikabaki Sinza na kazi yangu ya uhasibu, pete kidoleni na simu mkononi.

Tatizo halikuwa mapenzi, lilikuwa karatasi. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, anayetaka kumleta mwenzi wake alitakiwa aonyeshe kipato kisichopungua pauni 18,600 kwa mwaka. Kwa aliyeajiriwa, njia nyepesi ilikuwa kuonyesha hati za mshahara za miezi sita mfululizo kutoka kwa mwajiri mmoja. (Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000, kwa hiyo wewe unayepanga safari kama yangu usitumie hesabu zangu.) Mume wangu alianza kuzihesabu hizo hati mwaka 2022. Alipofika ya nne, kampuni aliyokuwa anafanyia kazi ikapunguza watu, naye akiwemo. Novemba akapata kazi nyingine kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, mshahara unatosha, lakini hesabu ikarudi sifuri. Miezi sita upya.

Usiku ule aliponipigia kunieleza, tulinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Mke wangu, hata Luton wamempoteza kocha wiki hii." Nilitaka kucheka, nilitaka na kulia. Nikamwambia, "Haya, niambie hao Luton wako ni kina nani."

Timu ya watengeneza kofia

Luton ni mji uliojulikana zamani kwa kutengeneza kofia, na ndiyo maana timu inaitwa Hatters, yaani watu wa kofia. Uwanja wao, Kenilworth Road, wanautumia tangu 1905 na wakati ule ulikuwa unaingiza watu elfu kumi na kidogo tu. Lango la wageni upande wa Oak Road limepenyezwa katikati ya nyumba za watu. Unapita chini ya vyumba, unapanda ngazi, na ukitupa jicho pembeni unaona nyua za majirani na nguo zilizoanikwa. Mume wangu alikuwa amepanga chumba mitaa michache kutoka hapo. Hata kama hakwenda uwanjani, bao likifungwa alilisikia.

Hawakuwa wanyonge siku zote. Mwaka 1988 waliifunga Arsenal 3-2 Wembley wakachukua Kombe la Ligi. Mwaka 1992 wakashuka kutoka ligi ya juu, msimu mmoja tu kabla Premier League haijaanza. Baada ya hapo ikawa mteremko. Msimu wa 2008-09 waliuanza na alama 30 pungufu, 10 kwa makosa ya malipo ya mawakala yaliyofanywa na uongozi uliopita, na 20 kwa jinsi klabu ilivyotoka kwenye ufilisi. Hebu fikiria: wenzako wanaanza na sifuri, wewe unaanza chini ya shimo. Wakashuka mpaka daraja la tano, wakakaa huko misimu mitano. Waliposhuka, klabu ilikuwa tayari mikononi mwa kundi la mashabiki wake wenyewe. Wakapanda 2014, wakapanda 2018, wakapanda tena 2019, mpaka wakafika Championship, ligi moja tu chini ya Premier League.

Kuna mchezaji mmoja aliyenigusa kuliko wote, Pelly-Ruddock Mpanzu. Jina tu lilinifanya niulize, nikaambiwa ni mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo. Alijiunga na Luton mwaka 2013 timu ikiwa daraja la tano. Wengine waliokuja naye waliondoka, yeye akabaki.

Kocha ameondoka, maisha yanaendelea

Basi Novemba 2022 kocha wao, Nathan Jones, alichukuliwa na Southampton iliyokuwa Premier League. Huwezi kumlaumu mtu kwa kupanda cheo. Luton wakamchukua Rob Edwards, ambaye Septemba ya mwaka huo huo alikuwa amefukuzwa na Watford. Na Watford ni mahasimu wa Luton. Ni sawa na kocha aliyetimuliwa Msimbazi kupokelewa Jangwani ndani ya miezi miwili.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu. Siku ya mechi, mume wangu ananitumia sauti kwenye simu: dakika ya ngapi, nani kafunga, nani kakosa. Mimi niko kwenye daladala au napika, nasikiliza. Halafu usiku tunaongea. Zamani simu zetu zilikuwa "umekula?", "umelala?", "huko baridi?", kisha kimya. Wanandoa wa mbali mnanielewa. Maneno huisha, na yakiisha kila mmoja anaanza kuwaza mwenzake anaficha nini. Sasa tulikuwa na kitu cha kubishania. Mimi nikasema Carlton Morris ndiye roho ya timu, maana alikuwa akifunga tu, na alimaliza ligi na mabao 20. Yeye akasema hapana, roho ni beki Tom Lockyer. Tulibishana wiki nzima, na kwa mara ya kwanza tangu ndege ilipoondoka nilijiona mke wa mtu, si mteja wa kampuni ya simu.

Upande wa pili shinikizo lilikuwa kubwa. Shangazi yangu alinijia Januari, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mwanangu, mume wa kwenye simu ni mume? Mwaka wa pili huu. Wenzio wanazaa." Sikuwa na jibu la kumpa shangazi. Nilikuwa na miaka 31 na swali hilo hilo nilikuwa najiuliza kila usiku. Tulikubaliana na mume wangu waziwazi: hati ya sita itatoka mwisho wa Mei. Tukifika hapo, tunapeleka maombi. Yakikataliwa, yeye anarudi Dar tuanze upya, au tunaachana kwa heshima. Tuliyasema maneno hayo tukiwa macho kavu. Si kwa ugomvi, kwa kuwa wote wawili tulikuwa tumechoka.

Sare si kushindwa

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize, wewe uliye mbali na mwenzi wako, na hata wewe mnayelala kitanda kimoja.

Luton walimaliza msimu huo nafasi ya tatu wakiwa na alama 80. Katika mechi 46 walishinda 21, walifungwa 8, na walitoka sare 17. Mimi ni mhasibu, namba siziachi. Toa zile alama 17 za sare, wanabaki na 63. Timu ya sita, Sunderland, nafasi ya mwisho ya kuingia mechi za mchujo, ilikuwa na 69. Maana yake ni kwamba pamoja na ushindi wote ule, bila sare wasingeingia hata mlangoni.

Kila walipotoka sare mimi nililalamika. "Sare tena?" Mume wangu alikuwa ananijibu, "Mke wangu, alama moja si sifuri." Sisi tuliolelewa na hadithi za mapenzi tunahesabu siku za ushindi tu: siku ya maua, siku ya zawadi, siku aliyokwambia neno likakutoa machozi. Na tunahesabu siku za kufungwa, hizo hatusahau hata moja. Siku za katikati hatuziandiki popote. Siku aliyopiga simu amechoka, hana la maana, lakini kapiga. Siku uliyokuwa umenuna lakini ukapokea. Jumanne isiyo na jina. Nilipoanza kuzihesabu hizo, niligundua ndoa yangu ilikuwa na alama nyingi kuliko nilivyodhani.

Wikiendi ya Mei

Mchujo ulianza vibaya. Luton walifungwa 2-1 kwa Sunderland, wakageuza nyumbani 2-0, huyo huyo Lockyer akifunga moja. Mume wangu alinikumbusha jambo hilo mara nne.

Fainali ilikuwa Wembley, Jumamosi tarehe 27 Mei 2023, dhidi ya Coventry City. Kumbuka na hawa Coventry walikuwa wameonja shubiri, na msimu wa 2017-18 timu zote mbili zilikuwa daraja la nne. Dar es Salaam wikiendi hiyo hakuna aliyejua habari za Luton. Mji ulikuwa kijani na njano, kwa sababu kesho yake Yanga walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger uwanja wa Mkapa. Kibanda umiza cha jirani kilikuwa kinachemka. Mimi nimejifungia chumbani, mume wangu kaielekeza simu yake kwenye televisheni ya rafiki yake, picha inakatika kila dakika.

Mapema tu Lockyer akaanguka uwanjani, hakuna aliyemgusa. Akakimbizwa hospitali, na baadaye ikajulikana kuwa ni tatizo la moyo. Mume wangu akanyamaza kabisa. Jordan Clark akaifungia Luton dakika ya 23, Gustavo Hamer akasawazishia Coventry kipindi cha pili. Sare! Katika muda wa nyongeza Luton wakafunga, mwamuzi akalikataa kwa kuwa mpira uliguswa kwa mkono. Sare tena, mpaka penalti. Tano kwa tano, hakuna aliyekosa. Dan Potts akafunga ya sita ya Luton. Fankaty Dabo wa Coventry akapaisha juu ya lango.

Simu ikadondoka. Nikabaki naangalia dari ya nyumba ya mtu nisiyemjua, nasikia wanaume wazima wanalia. Mechi ile ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya pauni milioni 170 kwa mshindi. Mpanzu akawa mchezaji wa kwanza kupanda kutoka daraja la tano hadi Premier League akiwa na klabu ile ile. Na Southampton iliyomchukua kocha wao? Ilikuwa imeshamfukuza tangu Februari, na msimu huo huo ikashuka daraja.

Hati ya sita ya mshahara ilitoka siku chache baadaye. Nilifanya mtihani wa Kiingereza, nikapima kifua kikuu, tukapeleka maombi. Nilitua Luton Novemba 2023, na baridi yake sitaki kuizungumzia.

Baada ya kupanda

Ningeweza kuishia hapo, ingekuwa hadithi tamu. Lakini wewe si mtoto.

Luton walimaliza msimu wao wa Premier League na alama 26, nafasi ya 18, wakashuka. Mwaka 2025 wakashuka tena hadi League One. Na mimi na mume wangu, miezi yetu ya kwanza chini ya paa moja ilikuwa migumu kuliko miaka miwili ya simu. Kwenye simu hakuna anayeacha taulo kitandani. Kwenye simu hakuna zamu za usiku, hakuna hela moja inayogombewa na bili ya umeme na mama mkwe aliyeko Morogoro. Tulikuwa tumezoea kupendana kwa mbali, ligi ya karibu ilikuwa na kasi yake. Kuna wiki nilipiga hesabu ya nauli ya kurudi.

Hatukuachana. Kilichosaidia si hotuba. Tulirudisha ule utaratibu wetu: kila usiku, hata tukiwa tumenuniana, dakika kumi za maongezi kabla ya kulala, simu zote mbili mezani. Mara nyingi hatumalizi ugomvi. Mara nyingi hakuna mshindi. Lakini tumekaa, tumeongea, tumelala.

Shangazi bado ananipigia kuuliza habari za mjukuu. Namwambia, shangazi, mechi zipo nyingi, subira. Na wewe msomaji, kabla hujasema ndoa yako imeisha, chukua kalamu leo jioni uhesabu upya. Ushindi unaujua, vipigo unavijua. Hesabu sare.