Nani Amejibu Leo? Mtafiti, Mkufunzi na Usawa Darasani Wilayani Kyela

Katika vyuo vyetu vya ualimu imekuwa desturi kusema kwamba utafiti ni kazi ya Chuo Kikuu na kufundisha ni kazi yetu. Nami nilisema hivyo kwa miaka kadhaa. Nina stashahada ya ualimu. Nimewafundisha wanachuo kuandika andalio la somo, kupanga ubao na kuuliza maswali. Sikudhani kuwa mtu anayetafuta Shahada ya Uzamivu angeweza kunionyesha jambo lolote katika darasa ambalo nimekwisha kulikagua kwa macho yangu mwenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyokosea, na jinsi kosa langu lilivyomgharimu mwanachuo mmoja. Nayaandika kwa ajili ya wakufunzi wenzangu, maana naamini kosa hili si langu peke yangu.

Mazoezi ya kufundisha ya mwaka ule yalifanyika katika shule za wilaya ya Kyela. Msomaji asiyeifahamu nchi ile na aelewe kwamba ni uwanda wa chini ulioko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, unaopitiwa na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Masika yake ni mazito, na mito hiyo hufurika hata njia za kwendea shule zikapotea. Watu hulima mpunga, kakao, ndizi na michikichi, na walio ufukweni huvua usipa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone huteremka mpaka majini, na huko Ikombe, karibu na Matema, Wakisi hufinyanga vyungu ambavyo hupelekwa sokoni kwa mitumbwi. Mpunga unapokaribia kuiva, watoto huamka alfajiri kuamia ndege. Mkaguzi asiyejua hayo, akimwona mtoto anasinzia saa tatu asubuhi, ataandika kuwa ni mvivu.

Mtafiti alitufikia katika wiki ya pili. Alikuwa dada wa Kitanzania, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, na barua yake ilikuwa imepita kote inakopasa kupita: kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Elimu, hata ikamfikia mwalimu mkuu. Tasnifu yake ilihusu namna matayarisho ya walimu yanavyosaidia au kuzuia usawa wa watoto darasani. Kwa kuwa hakujua Kinyakyusa, niliombwa niwe mwenyeji wake na mkalimani wake mbele ya wazazi.

Mwalimu mkuu, mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alimkaribisha vizuri, kisha akamwambia waziwazi: “Mwanangu, watu wa karatasi wamefika hapa mara nyingi. Huuliza, tukajibu, wakaondoka. Wewe utarudi?”

Dada yule alifikiri kidogo. “Sijui kama nitapata nauli, Mzee. Lakini karatasi itarudi.”

Mzee hakukosea kuuliza. Nchi hii imechunguzwa kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa. Monica alikuwa ametunukiwa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka uleule wa 1934, kwa utafiti alioufanya Afrika Kusini. Kutokana na kazi ya hapa aliandika vitabu kadhaa, na kimojawapo, Good Company, kilitoka mwaka 1951. Vitabu hivyo vimesomwa ulimwenguni kote. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kusikia jina la Leonard Mwaisumo, karani wa Kinyakyusa aliyewasaidia kuelewa maneno waliyoyasikia, na aliyefariki mwaka 1938 angali kijana? Kazi yake imeelezwa kwa kirefu katika miaka ya karibuni tu, katika kitabu kilichotoka mwaka 2013 kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake. Nilipokuwa nikitafsiri maneno ya wazazi kando ya dada yule, nilimkumbuka Mwaisumo mara nyingi.

Sasa nieleze yaliyotokea darasani.

Siku moja nilikagua vipindi viwili vya hisabati, Darasa la Nne, mada ya sehemu. Mwanachuo wa kwanza alikuwa msichana mwenye sauti safi na Kiswahili fasaha. Zana zake zilipangwa vizuri, ubao wake uligawanywa kwa rula, na kila alipouliza swali mikono iliinuka na majibu yakawa sahihi. Nilimpa alama ya juu. Mwanachuo wa pili alikuwa kijana mpole, mwenyeji wa wilaya hiyohiyo. Alianza kwa Kiswahili, watoto wakanyamaza. Akawauliza kwa Kinyakyusa jinsi wanavyogawana samaki mmoja nyumbani wakiwa watu wanne. Darasa likachangamka, watoto wakabishana wao kwa wao, wengine wakasimama. Baadaye alirudia kwa Kiswahili na kuandika robo ubaoni. Nami, nikikumbuka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, nilimkata alama katika safu ya lugha, nikamkata tena katika safu ya nidhamu ya darasa.

Muda wote huo mtafiti alikuwa ameketi nyuma. Alikuwa amechora ramani ya madawati, na kila mtoto aliposema neno la somo, aliweka alama ndogo ya kalamu mahali pake. Jioni, tulipokuwa tukingoja gari barabarani, nilimwomba anionyeshe.

Katika kipindi cha kwanza, chenye watoto 54, waliojibu walikuwa 7 tu. Wote walikaa mbele au safu ya kati. Kwa kuwa nilikuwa mwenyeji niliwatambua: watoto wa walimu, wa wenye maduka, wa mganga wa zahanati. Wasichana walikuwa wawili. Katika kipindi cha pili, chenye watoto 49, waliosema jambo la somo walikuwa 23, na alama zilienea mpaka ukutani.

Nilikasirika, sioni haya kulisema. Nikamwambia, “Dada, hiyo ni hesabu ya vinywa, si hesabu ya akili.”

“Kweli, Mkufunzi,” akajibu bila kupandisha sauti. “Lakini akili ya mtoto asiyefungua kinywa utaipimaje ndani ya kipindi kimoja?”

Kisha akanionyesha pembe moja ya ramani ya pili ambayo haikuwa na alama hata moja. Hapo waliketi watoto watatu wa kaya za Kikisi. Kinyakyusa kilichowafungulia mlango watoto wengi hakikuwafungulia hao, maana nyumbani kwao huzungumzwa lugha nyingine. Kwa hiyo hakuwa amekuja kumsifu kijana yule wala kunilaumu mimi. Alitaka kujua nani amefikiwa na nani hakufikiwa, na swali hilo halikumo katika fomu yangu ya tathmini, yenye safu za matayarisho, zana, ubao, lugha, sauti na unadhifu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka mwalimu aliyenifundisha kusoma. Alikuwa mmoja wa walimu waliopatikana baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wawe shuleni ifikapo mwaka 1977. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi namna ile, basi vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu vijijini, kwa masomo ya redio na ya posta, huku wakishika darasa. Watu waliwacheka, na wengine huwacheka hata leo. Mwalimu wangu alitueleza kila jambo kwa Kinyakyusa, kisha akatudai tuliseme kwa Kiswahili mpaka likae. Mimi ni mkufunzi kwa sababu yake. Na njia yake ndiyo niliyomkatia alama kijana wa watu.

Niliporudi chuoni niliomba alama ile iangaliwe upya. Fomu zilikuwa zimekwisha kukusanywa, na haikubadilika. Kijana alifaulu, lakini kwa daraja la chini kuliko kazi yake. Nilimwita nikamweleza nilivyokosea. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Mkufunzi, siku ile ulisikiliza lugha yangu. Mimi nilikuwa nawasikiliza watoto.” Sikuwa na jibu.

Ndugu wasomaji, sisemi kwamba Kiswahili kiwekwe kando. Utafiti wenyewe umekwisha kuonyesha thamani yake. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwashirikisha wasomi kama Birgit Brock-Utne wa Oslo na Martha Qorro wa Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wa shahada za juu, ulilinganisha masomo ya sekondari yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yaliyofundishwa kwa Kiingereza, na ukaonyesha jinsi wanafunzi wanavyoelewa na kushiriki zaidi wanapofundishwa kwa lugha wanayoimudu. Tunaikubali hoja hiyo kwa ajili ya sekondari. Basi yatupasa tuwe na ujasiri wa kuiuliza hata kwa mtoto wa madarasa ya chini, ambaye Kiswahili chake kingali kichanga. Lengo ni afike kwenye Kiswahili akiwa na somo mkononi, asiachwe njiani.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta njia. Monica Wilson aliandika juu ya neno la Kinyakyusa, ukwangala, yaani kukaa na wenzako wa rika moja kwa ukarimu na kuzungumza nao kama watu sawa. Zamani vijana wa rika walijenga vijiji vyao wenyewe, na iliaminika kuwa hekima hupatikana katika mazungumzo hayo. Tunapofundisha majadiliano ya vikundi kana kwamba ni njia iliyoletwa na meli, tunawanyima wanachuo wetu urithi wao. Hata hivyo tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Vijiji vile vya rika vilikuwa vya wanaume. Usawa wake haukumhusu msichana, na kikundi cha darasani nacho, kisipoangaliwa, humwacha msichana akiandika huku wavulana wakisema.

Kwa hiyo katika mazoezi yaliyofuata nilijaribu mambo machache, nami nayaeleza ili wenzangu wayajaribu na kuyasahihisha.

Kwanza, kila mwanachuo humchorea mwenzake ramani ya madawati na kutia alama kama alivyofanya mtafiti. Kazi hii haihitaji shahada. Yahitaji penseli na uaminifu. Wanachuo wengi hushtuka wanapoona kwamba wamefundisha dawati mbili tu.

Pili, swali huulizwa kwanza ndani ya vikundi vya watoto wanne, wanaoruhusiwa kuzungumza kwa lugha yoyote wanayoelewana. Msemaji wa kikundi hubadilika kila mara, na jibu lake hutolewa kwa Kiswahili. Nimewahi kumsikia mtoto wa Kikisi akiwaeleza wenzake kwa sauti ndogo jinsi chungu kimoja kinavyojaa kwa vibuyu vinne. Mbele ya darasa zima hakusema neno siku ile. Juma la pili yake alisema.

Tatu, tunapowapokea watafiti, tuwaombe muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, nasi tuwe tayari kuusoma hata kama hautatupendeza. Watafiti nao wakumbuke kuwashukuru kwa majina wale waliowatafsiria, wakiridhia.

Nne, wanachuo wetu wafundishwe kuchunguza madarasa yao wenyewe. Mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali asingoje mtu wa Chuo Kikuu aje kumwambia ni nani hajasema tangu Januari.

Karatasi ya dada yule ilirudi. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja, nayo ilifika kwa basi la Mbeya, kurasa nne kwa Kiswahili, katika bahasha yenye jina la mwalimu mkuu. Mzee alikuwa amekwisha kustaafu. Nilimpelekea nyumbani, tukaisoma pamoja chini ya mwembe. Alipomaliza alivua miwani, akasema, “Ndaga fijo,” yaani ahsante sana, kisha akaniuliza kama yule kijana mpole amekwisha kuajiriwa. Nilimjibu kuwa bado.

Fomu yetu ya tathmini haijaongezwa safu ya kuonyesha ni watoto wangapi wamefikiwa. Nimeandika kuomba iongezwe, na naomba wakufunzi wa vyuo vingine waandike pia. Hadi hapo itakapoongezwa, huichora mwenyewe kwa rula, pembeni mwa karatasi.