Kutoka Mauwa hadi Lumi

Mpwa wangu alipojifungua huko Finland alitutumia picha kwa simu: mtoto amefungwa blanketi, na chini yake jina, Lumi. Jirani yangu hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, akauliza kama ndiyo kusema Lumumba kwa kifupi. La. Kwa Kifini lumi ni theluji. Wenyeji wa huko huwaita pia watoto wao Tuuli, yaani upepo, au Meri, bahari.

Mama yangu, ambaye Lumi ni kitukuu chake, alicheka hadi akashika mbavu. Yeye alibatizwa Marguerite, na hakuna aliyemwambia maana yake. Januari 1972 Rais Mobutu akajiita Mobutu Sese Seko, majina ya kizungu yakapigwa marufuku, na padri atakayembatiza mtoto kwa jina la namna hiyo akatishiwa jela. Mama akapanga mstari kama wengine. Lilitakiwa jina la mababu, naye alikuwa nalo, la Kitabwa, ila karani aliliandika vibaya mara tatu. "Basi andika Mauwa," Mama akasema. Mauwa si la mababu hata kidogo. Ni Kiswahili, lugha iliyofika ziwani na misafara ya pwani. Karani akagonga muhuri.

Miaka mingi baadaye nikaona kitabuni picha ya marguerite: ua jeupe, kitovu cha njano. Kumbe Mama alikuwa amejitafsiri mwenyewe! Nilipomweleza alisonya: "Kwa hiyo walinisimamisha juani bure."

Mwaka 1990, utawala wa chama kimoja ulipofika mwisho, shoga zake wakarudia Jeanne na Bernadette. Yeye hakurudi. Bandarini wauza dagaa walishamzoea Mauwa, na madeni yake yaliandikwa kwa jina hilo.

Mpwa wangu, ambaye wazazi wake walikimbilia Zambia wakati wa vita ya 1998, anasema hata Wafini waliwahi kubadili majina kwa wingi: mwaka 1906 maelfu waliacha majina ya ukoo ya Kiswidi. Lakini wao waliamua wenyewe. Järvinen, kwa mfano, limetokana na ziwa. Hilo Mama alilipenda.

Theluji ndiyo iliyomshinda. Nikamwonyesha barafu nyeupe ndani ya friji.

"Inachanua?"

"Hapana, Mama. Inaanguka toka juu, polepole."

Akatazama mwembe uani. "Kama maua ya huu," akasema, akaniomba simu amwone tena mtoto.